Kupiga picha za watu nje, pwani ya Mtwara na Lindi: mwanga kwanza, namba baadaye

Pwani ya kusini haina shida ya mwanga hafifu. Shida ni kwamba mwanga ni mwingi mno na saa nyingi unashuka wima kutoka juu. Mwishoni mwa Februari, na tena kuelekea mwisho wa Oktoba, jua la saa 6 na kitu mchana hukaa karibu kabisa utosini. Macho huzama kwenye mashimo meusi, pua hudondosha kivuli juu ya mdomo, na paji la uso linawaka. Hakuna namba ya kamera inayotibu hilo. Kinachotibu ni mahali unapomsimamisha mtu.

Saa nzuri ni kuanzia jua linapochomoza hadi kama saa 2 na nusu asubuhi, kisha kuanzia saa 10 na nusu hadi linapozama. Juni linazama muda mfupi tu baada ya saa 12 jioni, Januari linachelewa hadi karibu saa 12 na dakika 45, kwa hiyo usipange miadi ya mwaka mzima kwa saa moja. Kumbuka pia kwamba pwani yetu inatazama mashariki. Anayetaka jua la dhahabu juu ya maji ya ghuba ya Lindi aje alfajiri. Jioni jua huzama upande wa bara, na bahari inabaki ya buluu iliyopoa. Hiyo nayo ni nzuri, ila ni picha nyingine.

Kutafuta mwanga kabla ya kugusa kamera

Nyoosha mkono, kunja ngumi mbele yako, kisha zunguka taratibu ukiitazama. Utaona upande ambao vivuli vya vidole vinalainika. Mteja asimame hapo ngumi ilipokuwa, uso ukikuelekea wewe. Akishasimama, tazama mboni zake: ukiona doa jeupe la anga ndani ya kila jicho, mwanga umeingia. Usipoliona, mwambie, "Dada, geuka kidogo kushoto, taratibu," hadi litokee.

Mchana, tumia ukingo wa kivuli. Mikindani kuna baraza na kuta za mawe za kutosha. Mteja asimame ndani ya kivuli kiasi cha nusu mita hadi mita moja kutoka mpaka wa jua, akitazama nje kwenye uwazi. Akirudi ndani sana, mwanga unakufa na macho yanafifia. Ukuta mweupe uliopigwa jua upande wa pili wa kichochoro unafanya kazi ya taa kubwa ya studio, tena bure.

Mikorosho na miembe ni mitego. Madoa ya jua yanayopenya majani hugeuza uso kuwa kama ngozi ya chui, na majani yenyewe hutupa ukijani kwenye ngozi. Kaa pembeni mwa mti, si katikati yake, na hakikisha hakuna doa hata moja usoni. Doa dogo shavuni litakusumbua kwenye kompyuta kuliko kazi nyingine yote.

Mchanga mweupe, kama wa Msimbati, hurudisha mwanga kutoka chini na kuyafungua macho hata jua likiwa juu kiasi. Udongo mwekundu wa bara nao hurudisha, lakini huleta wekundu chini ya kidevu. Tandika shuka jeupe miguuni pa mteja, nje ya fremu.

Namba

Kwenye jua la wazi, ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) na f/16 (tundu la lenzi; namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa) hukupa shata, yaani muda wa kuingiza mwanga, ya karibu 1/100 ya sekunde. Kila kitu kinahesabiwa kutoka hapo. Ukifungua lenzi hadi f/2.8, shata inapanda hadi 1/3200, kwa f/1.8 unafika karibu 1/8000, na kamera nyingi za bei ya kati huishia 1/4000. Ndiyo maana picha "zinaungua", yaani zinakuwa nyeupe mno, mikononi mwa mtu mwenye lenzi nzuri. Ndani ya kivuli cha wazi mwanga hupungua kama stopu tatu (kila stopu hukata mwanga kwa nusu), kwa hiyo f/2.8, ISO 100 na 1/400 ni mahali pazuri pa kuanzia.

Kwa mtu mmoja, lenzi ya milimita 85, au ya 50 kwenye kamera ya sensa ndogo (sensa ndiyo inayonasa picha), inatosha. Ukiwa na 85 kwa f/1.8, mita 2 kutoka kwa mteja, sehemu iliyo kali ina unene wa sentimita 6 hivi tu: jicho moja kali, sikio limekwisha. Tumia f/2.8 hadi f/4, fokasi kwenye jicho lililo karibu nawe. Familia ya mistari miwili inataka f/5.6 au f/8. Shata isishuke chini ya 1/250. Upepo wa kusi ukirusha mtandio, panda hadi 1/500 au zaidi.

Ngozi nyeusi, kanzu nyeupe

Hapa ndipo wengi huharibu kazi. Kipima mwanga cha kamera hudhani kila kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani. Mteja akisimama mbele ya mchanga mweupe, kamera inatia giza picha nzima na uso unapotea: ongeza fidia ya mwanga (exposure compensation) ya stopu +1 hadi +1.7. Uso mweusi ukijaza fremu, kamera hufanya kinyume, inaupausha. Punguza kama theluthi mbili ya stopu. Njia ya uhakika ni kupima kwa nukta (spot) shavuni, kisha kubaki kwenye manyuo (manual), ambako namba unaziweka mwenyewe.

Bwana harusi wa kanzu nyeupe ni mtihani. Washa onyo la sehemu zilizoungua, ongeza mwanga hadi kanzu ianze kupepesa, kisha rudi nyuma kidogo hadi iache. Piga kwa RAW (faili ghafi ya kamera), uufungue uso baadaye kwenye kompyuta. Mng'ao wa jasho na mafuta ufutwe kwa tishu kwa kugandamiza, usisugue.

Mizani ya rangi (white balance) usiiachie otomatiki, itabadilika kila fremu. Weka 5500 K (kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga) juani na karibu 7000 K kivulini. Mwanga wa buluu huifanya ngozi nyeusi kuwa ya kijivu kama ya mgonjwa.

Jua likiwa nyuma

Mweke mteja jua likimpiga nyuma ya bega moja, ivishe lenzi kofia yake ya kukinga jua (hood, si kifuniko), halafu rudisha mwanga kwa ubao mweupe wa stairofomu kutoka mita 1 hadi 1.5. Uinuliwe usawa wa kifua au zaidi; ukishikwa chini sana, sura inatisha. Ubao huu ni bora kuliko karatasi ya kung'aa ya rangi ya fedha, ambayo huwafanya watu wafinye macho.

Flashi nayo inasaidia, lakini kamera nyingi hazikubali shata ya kasi zaidi ya 1/200 au 1/250 nayo. Ukitaka f/4 juani, shata inadai 1/1600. Tumia usawazishaji wa kasi ya juu (HSS), unaoruhusu flashi kwenye shata hizo lakini hula nguvu yake nyingi, au funga kichujio cha ND8, kioo cheusi cha kupunguza mwanga: kinakata stopu tatu na kukurudisha 1/200. Mwavuli wa flashi uning'inizie mfuko wa mchanga kwenye stendi. Kusi huuangusha mara moja, na mchanga uko pale pale miguuni.

Kamera ikitoka kwenye gari lenye kiyoyozi, iache ndani ya begi dakika 20 hadi 30, la sivyo kioo kinapata ukungu. Ukiona picha zinapauka katikati ya kazi ufukweni, si fokasi, ni chumvi. Peperusha mchanga kwanza kwa pampu ya mkono, ndipo ufute kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo. Ukianza na kitambaa, chembe za mchanga zitachora lenzi.