Shamba la Isimani: anza na maji, tofali baadaye

Ukitoka Iringa mjini kwa barabara ya Dodoma, ukishapita Nduli, baridi unaiacha nyuma. Huku Isimani, hadi Izazi na Mtera, tuna msimu mmoja tu wa mvua, Desemba hadi Aprili hivi. Vijana wananunua eneo na kukimbilia kufyatua tofali. Wanangu, subirini mvua kubwa moja kwanza. Vaa mabuti, tembea shambani ikiwa inanyesha, uone maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi. Nyumba ikae pembeni ya njia hiyo, bustani ikae chini yake.

Ezeka bati, weka na mifereji. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita za mraba 40, msimu wa milimita 500, ni lita 20,000. Toa moja ya tano inayopotea, zinabaki 16,000: kama ndoo nne kwa siku kwa miezi saba ya kiangazi, ukiwa na pa kuzihifadhi. Kwa hiyo afadhali ukose dirisha la aluminiamu kuliko kukosa tangi kubwa. Mvua ya kwanza imwage, ina vumbi na mavi ya ndege. Tangi lifunike, ndani pawe giza tupu, mdomoni weka wavu wa mbu.

Shambani, tengeneza fremu A, kipimo cha usawa wa ardhi chenye umbo la herufi A. Funga pamoja ncha za juu za miti miwili iliyolingana urefu, kingamisha mti wa tatu katikati, ning'iniza jiwe kwa kamba kutoka juu. Isimamishe, weka alama kamba inapogusa mti wa katikati. Geuza miguu, mmoja ukae palipokuwa na mwenzake, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo usawa ulipo. Tembea nayo ukikatiza mteremko, kamba ikae kwenye usawa huo, ukipigilia vigingi kila hatua. Chimba mfereji kufuata vigingi, udongo utupe upande wa juu, na juu ya tuta panda majani ya mbuzi.

Mahindi panda, ila mtama uwe mwingi zaidi.

Visiki vya migunga usiving'oe, mizizi yake tayari iko chini sana. Chagua machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, mengine kata, uliyoyaacha yafunge kitambaa ili wachungaji wajue yana mwenyewe. Mbuzi wafunge kamba mpaka miti hiyo iwapite kimo.