Namna ya kuisikiliza albamu ya kwanza ya Duma bila kuizima katikati

Albamu ya kwanza ya Duma, kundi la muziki mkali la watu wawili tu kutoka Nairobi, ilitolewa mwaka 2020 na Nyege Nyege Tapes, lebo ya muziki ya Kampala. Usiisikilize kwa spika ya simu: besi yote itapotea, ubaki na makelele. Mimi hutumia hedfoni za waya, sauti nusu. Anza na wimbo "Lionsblood". Mara ya kwanza achana na maneno kabisa. Fuata ngoma za mashine, zinavyokimbia kasi ambayo mkono wa mtu hauiwezi. Ukirudia, ndipo umsikilize Martin Khanja anavyopiga mayowe, kisha utafute gitaa la Sam Karugu humo ndani. Masikio yakianza kuvuma, pumzika. Spika kubwa? Ngoja kwanza jirani asafiri.