Tumbo na homa visiwani: mambo ya kuzingatia kabla hujachelewa

Maji ya ziwa chemsha, hata yakiwa maangavu. Mikono nawa kwa sabuni. Hayo unayajua, tusipotezeane muda.

Antibayotiki usizitafune kama karanga. Utumbo una bakteria kwa matrilioni, na wengi ni walinzi: wameijaza nafasi ili wabaya wakose pa kukaa. Ukuta wa ndani wenyewe ni safu moja tu ya seli. Ukinunua vidonge sita vya sipro kwa sababu tumbo limenguruma, unawafyeka walinzi na kuwaachia uwanja bakteria sugu, wale wasiosikia dawa. Wakipenya hadi kwenye damu, mwili hupambana nao kwa fujo mpaka unajiumiza wenyewe. Hiyo ndiyo sepsisi. Makadirio ya mwaka 2017 ni vifo milioni 11 duniani.

Kula maharage, mlenda, matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa). Bakteria wazuri huchachua nyuzinyuzi zake na kutoa asidi inayolisha ukuta ule. Dawa za "kusafisha tumbo" za stendi, achana nazo.

Sasa hili la homa kushuka, nisikilize vizuri. Mdogo wangu alikuwa anavua dagaa, kambi moja huko Ukerewe. Homa siku kumi na tano. Duka la dawa wakasema taifodi, akachukua nusu dozi maana hela ndiyo hiyo. Wiki ya tatu, usiku, tumbo likamkata ghafla upande wa kulia chini. Kufika saa nane mwili ukapoa. Tukamshukuru Mungu, mama akakoroga uji. Nilipomvuta shuka mkono ukagusa tumbo: gumu kama ubao wa mtumbwi. Viganja vya baridi, moyo unakimbia, na mimi ananiita kwa jina la marehemu baba. Tukasema tungoje meli ya asubuhi ya Nansio. Kosa letu ndilo hilo. Mwanza daktari wa upasuaji akakuta utumbo umetoboka, uchafu umemwagika tumboni tangu usiku. Kumbe taifodi ikitoboa, mara nyingi ni wiki hiyohiyo ya tatu, na homa inaweza kushuka kabisa. Alipona, baada ya wiki saba wodini. Kovu limeanzia chini ya kifua likapita kitovu.

Basi homa ikishuka huku mapigo yanapanda, tumbo limekaza, pumzi za harakaharaka, mkojo kidogo, maneno hayaeleweki: ondokeni usiku huohuo. Uji msimpe. Pakiti za dawa zote alizomeza zibebeni, hata zilizo tupu. Namba ya mwenye boti ya injini iwe kwenye simu yako tangu leo, na hela ya petroli isiguswe kwa ada wala msiba. Tochi iwe na chaji. Maboya yavaliwe, mgonjwa naye avalishwe. Na kabla ya kusukuma boti, tazameni upepo.