Jinsi ya kupiga hesabu ya umbali na muda wa ndege, Nairobi hadi New York

Tiketi ya Nairobi kwenda New York unaweza kukuta imeandikwa kuondoka 23:30 kufika 06:30, watu wanahesabu masaa 7 wanamwambia mama usijali utafika sasa hivi, kumbe atakaa kwenye kiti masaa 15. Hiyo si haki kwa mtu mzima, mpigie hesabu kabla hajapanda.

Anza na umbali. Usipime kwa rula kwenye ramani ya ukutani, ile imelazwa na dunia ni mviringo. Ukipata tufe la dunia vuta uzi toka Nairobi hadi New York uukaze, hiyo ndo njia fupi, utaona inapita Chad, Sahara, inatokea Moroko ndo inaingia Atlantiki. Kama huna tufe tumia kipimo cha Google Earth, JKIA (uwanja wa ndege wa Nairobi) mpaka JFK (uwanja wa New York) inakuja kama kilomita 11,800.

Alafu spidi. Boeing 787, ndege ambayo Kenya Airways walianzia safari ya moja kwa moja Oktoba 2018, ikishatulia juu inakimbia karibu kilomita 900 kwa saa. Gawanya, unapata masaa 13 na kidogo. Sasa ongeza muda wa kupanda na kushuka, ongeza kutembea chini uwanjani maana ratiba inahesabu toka geti hadi geti na JFK foleni ya kuruka huwa ndefu, na ndege yenyewe haifuati ule uzi sawasawa. Kisha kuna upepo, na huu ndo watu wanausahau, kule juu kaskazini unavuma kwa nguvu toka magharibi kwenda mashariki, ukienda Marekani unapambana nao ukirudi unakusukuma, ndo maana kwenda ni kama 15 na kurudi kama 14.

Mwisho saa za nchi. Kila saa kwenye tiketi ni ya mji husika. New York iko nyuma yetu masaa 8, ila toka Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba ni 7 kwa sababu wao wanasogeza saa sisi hatusogezi. Kwahiyo 23:30 jumlisha 15 ni 14:30 kesho yake Nairobi, toa 8 unabaki na 06:30, yaani saa 12 na nusu asubuhi kwao.

Ukipitia Doha kule Qatar jumlisha vipande viwili, Nairobi hadi Doha 3,350 na Doha hadi New York 10,770, ni kama kilomita 14,100, hapo bado masaa ya kusubiri katikati. Na tiketi ikisema 00:40 tarehe 15, eapoti unaenda tarehe 14 jioni, ukingoja hadi jioni ya tarehe 15 ndege imeshaondoka usiku wa kuamkia siku hiyo.