Kabla ya kuwapakia watoto: Kolo, Hombolo, Mtera

Safari yetu ya kwanza ya Kolo, kwenye michoro ya miambani ya Kondoa, iliharibikia nyumbani. Tulisubiri pilau iive, mdogo akawa haoni kiatu cha pili, na mgeni wetu kutoka Dar akaomba tupitie sokoni anunue zabibu. Msalato, nje kidogo ya mji wa Dodoma, tuliipita saa nne na nusu. Tunaanza kupanda kilima cha Mungomi ilikuwa saa nane mchana, mwamba unachoma kiganja, na mbele ya michoro ya maelfu ya miaka watoto walichouliza ni kama kuna soda. Pilau yenyewe ilikuwa imeshaanza kuchacha.

Ndiyo maana mtu akiniuliza awapeleke watoto wapi huku Dodoma, mimi namuuliza kwanza anaamka saa ngapi. Kolo iko kama kilomita 180 kaskazini mwa mji, lami mtindo mmoja kupitia Mayamaya, Chemba na Kondoa. Kwenye ramani inaonekana karibu. Lakini barabara inakatiza vijiji vingi, kila kijiji kina kibao cha hamsini, na askari wa tochi wanajua kukaa palipo na kivuli. Ongeza mtoto anayetaka kukojoa kila baada ya nusu saa. Sisi sasa tunatoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, watoto wakiwa bado na usingizi, na uji uko kwenye chupa ya chai. Likizo ya Juni ndiyo inayofaa zaidi: mvua za Desemba hadi Aprili zimekwisha, na joto la Oktoba halijafika. Ila Juni hiyohiyo alfajiri ya Dodoma ina baridi na upepo mkavu, kwa hiyo sweta si pambo. Saa nne watalivua.

Maji nayagandisha usiku wa kuamkia safari. Chupa sita za lita moja na nusu, kila moja nikiipunguza vidole vitatu kutoka shingoni ili isipasuke, kisha nazifunga kwa kanga kuukuu na kuziweka chini ya kiti. Mchana zinakuwa zimeyeyuka nusu, na hiyo nusu iliyobaki ndiyo watoto wanaigombania. Pembeni linakaa dumu la lita ishirini la kunawa, ambalo rejeta ikichemka litafaa pia. Chakula kiwe cha kukaa na joto: chapati, viazi vitamu vya kuchemsha, mayai, karanga, ndizi. Wali wa nazi na chochote chenye nyanya nyingi viache nyumbani.

Ukifika Kolo usipitilize moja kwa moja milimani. Ofisi ya mambo ya kale iko kando ya barabara kuu, na ni hapo unapolipa kiingilio na kupewa mwongozaji. Beba kitambulisho, na uweke salio kwenye simu kabla hujatoka mjini, maana malipo ya serikali siku hizi hufanyika kwa namba ya malipo, si kwa kuhesabiana noti. Mwombe mwongozaji akupangie kulingana na umri wa watoto. Michoro hii iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, na miamba yenye michoro inazidi 150, imetawanyika kwenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 2,000. Mtoto wa miaka sita anaimudu miwili, mitatu akiwa na moyo. Gari la chini linateseka kwenye njia ya kutoka ofisini hadi Mungomi, na mwisho wake mnapanda kwa miguu. Viatu vya kufunga, basi. Kandambili zilituponza mwaka ule.

Watoto waandae kabla, la sivyo wataona madoa mekundu tu. Jioni ya kuamkia safari nilichora kwenye karatasi mtu mrefu mwembamba kama fito, mwenye nywele kubwa zilizotuna, nikawaambia kesho mtamtafuta huyu. Safari ya pili binti yangu alisimama chini ya jabali karibu dakika nzima, kimya, halafu akanyoosha kidole: "Baba, yule ana nywele!" Baada ya hapo akaona twiga, akaona pofu, yule swala mkubwa, akaanza kumwonyesha hata mwongozaji. Michoro myekundu ndiyo ya kale zaidi, ya wawindaji. Ile myeupe ya rangi nzito, kama ya kijiji cha Pahi, ilikuja baadaye.

Masharti yaeleze mkiwa bado garini. Hakuna kugusa mwamba, kwa sababu jasho na mafuta ya mikono hula rangi. Hakuna kurushia maji ili picha itokee vizuri, tabia ya zamani ambayo imeharibu mengi. Na ukikuta kitu kimewekwa kwenye upenyo wa jabali, kiache palepale; wenyeji wa Kondoa bado wanakwenda Mungomi kuomba mvua na kutambika. Wala wasirushe mawe, hata kwa mchezo. Nyuki wanapenda miamba na mibuyu, na ukiwachokoza mlimani huna pa kukimbilia. Mahali pa kuketi, geuza jiwe kwa kijiti kwanza. Nge wa huku hawahitaji maelezo.

Kitu kinachonitisha kuliko nge ni makorongo. Kiangazi ni mchanga mweupe mkavu, laini, mtoto akiuona tu anataka kuvua viatu. Lakini kukiwa na dalili ya mvua popote upeo wa macho, usiegeshe gari humo wala usitandike mkeka. Maji hutoka juu, kwenye milima ambayo wewe huoni hata wingu lake, na yakishuka yanashuka na magogo.

Kama safari ya Kolo ni ndefu kwa watoto wako, Hombolo haifiki kilomita hamsini kutoka mjini. Bwawa lilijengwa mwaka 1957, kuna ndege wengi wa majini asubuhi, na kwa wavuvi utapata perege. Kuogelea sikubali: maji yaliyotulia yenye konokono ni makazi ya kichocho, na mtoto huambukizwa kwa kuchezea maji ukingoni tu. Mkienda shamba la zabibu upande huohuo, piga simu kwa mwenyewe kwanza. Mavuno ni mara mbili kwa mwaka, na katikati utakuta majani matupu. Swali la muhimu ni lini shamba lilipigwa dawa. Na waambie watoto mapema kwamba zabibu za mvinyo zina mbegu na punje ndogo, wasije wakanuna.

Mtera, penye bwawa kubwa kwenye barabara ya Iringa, ni ya watoto wakubwa kidogo. Ziwa linapendeza na samaki wa kukaanga wapo, lakini humo mna viboko na mamba, kwa hiyo mtoto asiyesikia akiitwa mara moja mwache kwa bibi yake.

Siku ya kurudi kutoka Kolo ikiwa Jumamosi, tunapitia mnada wa Msalato kula mbuzi wa kuchoma. Mmoja anashika watoto mikono, mwingine anakwenda kuchagua nyama, kwa sababu ng'ombe waliouzwa hupitishwa katikati ya watu bila taarifa. Nataka tuwe tumefika hapo kabla ya saa kumi na moja jioni. Baada ya hapo mifugo yote ya pembeni mwa barabara inarudi mazizini, jua likikaribia kuzama, na ndama hawajui maana ya honi.