Jinsi ya kuomba SBTi ithibitishe malengo ya tabianchi ya kampuni: anza kwa kupima kilicho kizito

Science Based Targets initiative (SBTi) ni shirika linalokagua kama malengo ya kampuni ya kupunguza gesijoto, yaani gesi zinazoongeza joto duniani, yanaendana na sayansi. Fomu yake haina ugumu mkubwa. Kinachokwamisha ni kazi iliyopaswa kufanywa kabla ya fomu, yaani tathmini ya uzito: kujua ni mambo gani machache yanayobeba hatari na uchafuzi wa kampuni, na ni yapi ya mapambo. Ukiikwepa, utajikuta umeahidi kupunguza kitu ambacho hata kikiisha kabisa hakuna kitakachobadilika.

Mfano wetu ni kiwanda cha maziwa nchini Kenya kinachopokea kilo 60,000 kwa siku. Takwimu za kiwanda ni za kubuni. Masharti ya SBTi ni halisi.

Hatua ya 1: Pima pande mbili, kila moja peke yake

Upande wa kwanza ni jinsi tabianchi inavyogusa mfuko wa kampuni: kiangazi kikipunguza maziwa, bei ya nyasi ikipanda, barabara ya kukusanyia ikikatwa na mafuriko. Huu ndio upande unaotakiwa na IFRS S2, kanuni ya kimataifa ya kuripoti mambo ya tabianchi kwa wawekezaji. Kwa Kenya, ratiba ya ICPAK, taasisi ya wahasibu wa nchi hiyo, inaifanya kuwa ya lazima kwa kampuni zenye maslahi ya umma kuanzia Januari 2027. Upande wa pili ni jinsi kampuni inavyogusa tabianchi, na huo hupimwa kwa tani za gesijoto.

Kosa linalorudiwa sana ni kuzipa pande zote mbili za kila jambo alama 1 hadi 5 kisha kutafuta wastani. Ukame wenye alama 5 upande wa pesa na 1 upande wa gesi unatoka na 3, unazama katikati ya jedwali, na hakuna anayeuzungumzia tena. Jambo likiwa zito upande mmoja tu, lihesabu kuwa zito.

Kwa upande wa pesa, usikubali maneno kama “athari ya wastani”. Weka kiwango cha shilingi. Mahali pazuri pa kuanzia ni kile wanachotumia wakaguzi wengi wa hesabu, karibu asilimia 5 ya faida kabla ya kodi. Kisha uliza: miezi miwili ya kiangazi ikipunguza maziwa kwa robo, hasara inavuka hapo?

Kuhusu wadau, dodoso la barua pepe kwa watu 300 karibu kila mara hurudi likisema tatizo kubwa ni plastiki, kwa sababu plastiki inaonekana. Afadhali mazungumzo marefu na watu 15: mkuu wa ununuzi, fundi wa boila, fundi wa majokofu, wenyeviti wa vyama vya ushirika, afisa mikopo wa benki yenu.

Hatua ya 2: Hesabu gesijoto za mwaka mzima

Tumia GHG Protocol, mwongozo wa kimataifa wa kuhesabu gesijoto. Wigo 1 ni mnachochoma au kuvujisha wenyewe, Wigo 2 ni umeme mnaonunua, na Wigo 3 ni mnyororo wote uliobaki, wenye makundi 15. Kiwanda chetu kinatoka hivi:

- Mafuta ya boila: lita 300,000 kwa kilo 3 za hewa ukaa kila lita, tani 900.
- Gesi ya majokofu aina ya R-404A iliyovuja: kilo 50 tu, lakini kila kilo ina nguvu ya kilo 3,922 za hewa ukaa, hivyo tani 196.
- Umeme: uniti milioni 1.5 kwa kilo 0.1, tani 150.
- Maziwa ya wafugaji: kilo milioni 21.9 kwa kilo 2.5 kila kilo, tani 54,750.

Ng'ombe wanabeba karibu asilimia 98. Tazama pia umeme: gridi ya Kenya ina mvuke wa ardhini, maji na upepo kwa wingi, kwa hiyo paneli za sola juu ya paa zinaweza kupunguza bili, lakini kwa hesabu ya gesi zinashindwa na kuzuia gesi inayovuja kwenye majokofu. Ndiyo maana ni hatari kunakili kigezo cha umeme (kilo za gesi kwa kila uniti) cha nchi nyingine. Kitabadilisha mpangilio wa vipaumbele vyako bila wewe kujua.

Hatua ya 3: Geuza uzito kuwa mkakati

Kwenye mfano huu, pesa na watu waende kwa wafugaji: sileji (majani yaliyovundikwa) na malisho bora, ng'ombe wa mbegu bora, kupunguza miezi ambayo ng'ombe anakula bila kukamuliwa, samadi kuingia kwenye mtambo wa bayogesi. Kiasi cha gesi kwa kila kilo ya maziwa hushuka ng'ombe akitoa maziwa zaidi. Uzuri wake ni kwamba malisho yaliyohifadhiwa ndiyo pia kinga ya kiangazi, kwa hiyo pande zote mbili za tathmini zinakutana hapa. Boila na majokofu yanafuata. Plastiki ibaki kwenye mpango wa taka.

Bodi ipitishe orodha hii kwa kumbukumbu za kikao, pamoja na sababu za kila kilichoachwa.

Hatua ya 4: Andika malengo

Lengo la muda mfupi liwe la miaka 5 hadi 10 tangu siku ya kuwasilisha, na mwaka wa msingi, yaani ule mnaolinganishia, usiwe kabla ya 2015. Lifunike angalau asilimia 95 ya Wigo 1 na 2. Wigo 3 ukifika asilimia 40 ya jumla, nao unahitaji lengo linalofunika asilimia 67 yake.

Kasi ya kupunguza Wigo 1 na 2 ni asilimia 4.2 kwa mwaka, sawa na asilimia 42 kutoka 2020 hadi 2030. Mtego uko hapa: ukichagua mwaka wa msingi baada ya 2020, miaka iliyopita haisamehewi. Hesabu inaanzia 2020.

Kiwanda cha maziwa kiko pia chini ya masharti ya SBTi ya misitu, ardhi na kilimo, yaitwayo FLAG, kwa hiyo gesi za shambani zinahitaji lengo lake tofauti na lile la nishati. Njia ya jumla ni asilimia 3.03 kwa mwaka, na ipo njia maalumu ya maziwa inayopima gesi kwa kila tani. Utatakiwa pia kuahidi kutohusika na ukataji wa misitu, kwa hiyo ulizia soya iliyo kwenye chakula cha mifugo inatoka wapi. Hati za kaboni za kununua, yaani kulipia upunguzaji uliofanywa na wengine, hazihesabiwi kufikia lengo lolote kati ya haya.

Hatua ya 5: Wasilisha

Fungua akaunti kwenye tovuti ya SBTi Services, jaza fomu, ambatisha hesabu za gesi, lipa ada. Kampuni ndogo zina njia yao fupi. Soma toleo la masharti ya SBTi linalotumika siku hiyo, maana hubadilishwa. Wakaguzi wa SBTi watauliza maswali, na mengi yatahusu ulichokiacha nje ya Wigo 3. Zile sababu zilizoandikwa kwenye kumbukumbu za bodi ndizo majibu yako.

Malengo yakikubaliwa, una miezi 6 kuyatangaza, kisha ripoti kila mwaka na mapitio kila baada ya miaka 5. Mkinunua kiwanda kingine, au kigezo cha maziwa kikirekebishwa na jumla ya mwaka wa msingi ikasogea kwa asilimia 5 au zaidi, hesabu zinaanza upya.