Jinsi ya kumsoma Mistress Hibbins bila kumpita

Kama unasoma riwaya ya The Scarlet Letter ya Hawthorne (1850) kwa ajili ya insha, usimruke Mistress Hibbins, yule mama mchawi, eti kwa sababu anatokea mara chache, wengi wanamruka na wanakosa uhondo wote.

Anza na sura ya 8. Hester, mhusika mkuu, ametoka kumpigania mwanae Pearl kwa gavana asinyang'anywe, Hibbins anachungulia dirishani anamwita waende msituni usiku kwa yule Mtu Mweusi, yaani shetani. Hester anakataa, lazima akamlinde mtoto, ila anasema wangemnyang'anya Pearl angeenda na angetia saini kwa damu yake. Hapo weka alama kabisa, maana mtoto ndiye aliyemzuia mama yake!

Halafu ruka hadi sura ya 12, Hibbins anatokeza na taa akisikia ukelele wa mchungaji Dimmesdale, kisha ya 20 na 22. Kila mara jiulize, anajua nini ambacho wengine hawajui? Mimi naona ndiye pekee anayesema wazi kwamba mchungaji naye ana siri, na watu wanamchukulia kama kichaa tu.

Kitu kingine, Ann Hibbins alikuwepo kweli, alinyongwa Boston mwaka 1656 kwa kosa la uchawi. Kwenye riwaya bado yuko hai, dada wa gavana, lakini mwandishi anadokeza mapema kwamba atakuja kunyongwa, kwa hiyo soma maneno yake ukijua hilo.